Osaka kwa Ndege na Barabara za Juu: Mwongozo Kamili kwa Anayefika Mara ya Kwanza

Wageni wengi wanaokwenda Osaka huhangaika na bei ya tiketi ya ndege mpaka dakika ya mwisho. Kisha hutua jioni wamechoka, begi kila mkono, ndipo waanze kuuliza mjini kunafikwaje. Mimi nashauri mpango huo ugeuzwe. Anza na unakokwenda: hoteli iko Umeda, kaskazini mwa katikati ya jiji, au Namba, kusini? Shughuli yako ni mnada wa magari Kobe, chuo kikuu kule Suita, au unamtembelea ndugu Kyoto? Ukishajua hilo, chagua njia ya nchi kavu, na tiketi ya ndege ije mwisho. Osaka inahudumiwa na viwanja vitatu vya ndege na mtandao mkubwa wa barabara za juu za kulipia. Kilomita 40 za mwisho zinaweza kuwa saa moja ya raha, au zikakulaza kwenye viti vya uwanjani.

Vijue viwanja vitatu kabla ya kukata tiketi

Kansai, ambao kwenye tiketi huandikwa KIX, ndio mlango wa kimataifa. Umejengwa juu ya kisiwa kilichotengenezwa na binadamu katika Ghuba ya Osaka, kusini-magharibi mwa jiji, na ulifunguliwa tarehe 4 Septemba 1994. Sababu ya kuupeleka baharini ilikuwa kelele: wakazi waliozunguka uwanja wa zamani wa Itami walikuwa wamechoka na ndege zilizopita juu ya mapaa yao, wakafika hadi mahakamani. Baharini ndege hutua na kuruka saa 24 bila kumwamsha mtu. Gharama yake ni kwamba kisiwa kinazama. Tangu ujenzi uanze, sehemu ya kwanza ya kisiwa imeshuka zaidi ya mita 13, na wahandisi hulazimika kuinua nguzo za jengo kwa jeki ili sakafu ibaki sawa. Jengo lenyewe la abiria, lililosanifiwa na Mwitaliano Renzo Piano, lina urefu wa karibu kilomita 1.7, kwa hiyo vaa viatu vya kutembelea.

Itami, ITM, ndio wenye mtego. Jina lake rasmi bado ni Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Osaka, ilhali tangu 1994 unahudumia safari za ndani ya Japani tu. Mtu akiona neno "kimataifa" na "Osaka" pamoja, anadhani ndio wenyewe. Angalia herufi tatu. Itami ni mzuri sana kwa anayetoka Tokyo, Sapporo au Okinawa, kwa sababu uko karibu na mji, lakini hufanya kazi kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tatu usiku tu.

Wa tatu ni Kobe, UKB, nao uko juu ya kisiwa. Ulifunguliwa 2006 kwa safari za ndani, na tangu Aprili 2025 unapokea pia ndege za kukodi kutoka nje. Kwa msafiri wa Afrika Mashariki unafaa zaidi kama kituo cha pili ukiwa tayari uko Japani.

Tiketi, viza na mizigo

Njia nyepesi kutoka Dar es Salaam, Nairobi au Entebbe ni kupitia Ghuba: Emirates huruka Dubai hadi Kansai, Qatar Airways huruka Doha hadi Kansai. Unabadilisha ndege mara moja tu na begi linakufuata mpaka mwisho. Ethiopian Airlines hutua Narita, uwanja wa Tokyo, si Osaka. Nauli yake ikikuvutia, jumlisha kwanza treni ya kasi ya Tokyo hadi Shin-Osaka, ambayo peke yake ni saa mbili na nusu, pamoja na safari ya kutoka Narita kwenda kuipanda. Kama utaunganisha kwa ndege ya ndani, hakikisha nayo inatokea Narita. Ikitokea Haneda, uwanja mwingine wa Tokyo, utalazimika kuvuka jiji zima la Tokyo na mabegi yako.

Raia wa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wanahitaji viza, nayo huombwa mapema kwenye ubalozi wa Japani. Mwenyeji akiwapo, ataandika barua ya mwaliko na ya udhamini. Karatasi hizo husomwa kwa makini, kwa hiyo tarehe za barua, za tiketi na za hoteli zilingane. Kabla ya safari jaza taarifa zako kwenye Visit Japan Web, mfumo wa serikali unaokupa msimbo wa kuonyesha uhamiaji na forodha. Ukifika utachukuliwa alama za vidole na picha.

Kwenye begi, usibebe nyama ya aina yoyote: nyama kavu, soseji, hata sandwichi ya nyama uliyobakiza ndegeni. Sheria yao ya magonjwa ya mifugo ni kali na mbwa wa kunusa wanazunguka penye mizigo. Dawa pia ziangalie. Baadhi ya dawa za mafua tunazonunua dukani bila cheti zina pseudoephedrine kwa kiwango kinachokatazwa Japani, na zenye codeine zina mipaka yake. Ukiwa na dawa za kudumu, beba cheti cha daktari na uulize ubalozini kama unahitaji kibali cha kuziingiza.

Kutoka kisiwani: basi, treni, boti au teksi

Hapa ndipo uamuzi wako wa mwanzo unapolipa. Toka forodha ghorofa ya kwanza, simama pembeni, vuta pumzi, kisha chagua kwa kuangalia mizigo na saa.

Mwenye mabegi makubwa mawili apande basi la uwanjani, lile wanaloliita limuzini. Vituo viko nje tu ya milango ya ghorofa ya kwanza, kila kimoja na nambari yake na jina la mahali basi linakokwenda: Umeda, Namba, Kobe Sannomiya, Kyoto, Nara, hata Itami. Tiketi hununuliwa kwenye mashine zilizo kando ya vituo. Abiria hupanga mstari juu ya alama zilizochorwa chini. Mhudumu atakuuliza unashuka wapi, atafunga kikaratasi chenye nambari kwenye begi lako na kukukatia nusu yake. Kitunze hicho kipande kama pasipoti, maana mwisho wa safari utakionyesha ndipo upewe begi. Kwenda Umeda ni kama saa moja, na Kobe ni zaidi kidogo. Basi hupita barabara ya juu kando ya bahari, kwa hiyo ukitua mchana kaa upande wa kushoto uone ghuba.

Udhaifu wa basi ni foleni. Jioni za siku za kazi, hasa Ijumaa, barabara za kuingia katikati ya jiji hujaa. Kuna pia jambo ambalo mgeni haelezwi: tarehe zinazogawanyika kwa tano, yaani tarehe 5, 10, 15, 20, 25 na mwisho wa mwezi. Kwa desturi ya biashara ya Osaka, hizo ni siku za kukusanya na kulipa madeni, na magari ya kampuni hutoka kwa wingi. Wenyeji huziita gotobi na huzihesabu wanapopanga safari. Nawe zihesabu, uongeze angalau nusu saa.

Asiye na mizigo mingi, au mwenye miadi ya saa maalumu, apande treni. Kampuni mbili zinatumia kituo kimoja. Nankai inakwenda Namba, kusini mwa katikati ya jiji: treni yake ya kasi, Rapi:t, yenye rangi ya buluu iliyokolea na madirisha ya mviringo, hufika kwa chini ya dakika 40, na ile ya kawaida hukawia kidogo tu kwa nauli ya takriban yeni 1,000. Kwa maoni yangu hiyo ya kawaida ndiyo bora kwa thamani ya pesa. JR, shirika la reli la Japani, inakwenda Tennoji, Osaka, Shin-Osaka na Kyoto kwa treni iitwayo Haruka. Tangu Machi 2023 Haruka husimama kituo cha Osaka chenyewe, kwenye jukwaa jipya la chini ya ardhi, kwa hiyo maelezo ya zamani yanayosema ubadilishe treni Shin-Osaka yapuuze. Nunua kadi ya ICOCA kwenye mashine: unalipa yeni 2,000, ambapo 500 ni amana na 1,500 ni za kutumia, nayo inakubalika kwenye treni, mabasi mengi ya jiji na maduka madogo.

Anayekwenda Kobe ana njia ya tatu: boti ya kasi ya Bay Shuttle kutoka kisiwani Kansai hadi kisiwa cha uwanja wa Kobe, kama nusu saa majini. Mfanyabiashara wa magari anayekwenda mnada ulioko Port Island hana njia ya mkato zaidi ya hii. Teksi ni kwa dharura tu. Hadi katikati ya Osaka hupita yeni 15,000, na tozo za barabara huongezwa juu yake.

Ukitua usiku sana, kumbuka treni za mwisho huondoka kisiwani kama saa tano na nusu usiku. Baada ya hapo kuna mabasi machache tu ya kwenda Umeda. Ndege ikitua saa tano, usihesabu treni. Panga kulala kisiwani, kuna hoteli kwenye jengo la Aeroplaza lililounganishwa na kituo cha treni.

Kwa anayefikia Itami, njia ni fupi: monoreli kituo kimoja hadi Hotarugaike, kisha treni ya Hankyu hadi Umeda, au basi la nusu saa hivi.

Je, unaruhusiwa kuendesha?

Soma sehemu hii kabla hujalipia gari la kukodi. Japani inatambua leseni ya kimataifa iliyotolewa chini ya Mkataba wa Geneva wa 1949 peke yake. Uganda, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zimo kwenye mkataba huo. Kenya na Tanzania hazimo, kwa hiyo leseni ya kimataifa iliyotolewa Nairobi au Dar es Salaam haikuruhusu kuendesha Japani, hata iwe na mihuri mingapi. Kuendesha nayo ni sawa na kuendesha bila leseni, na bima haitakulipia chochote.

Ndugu zetu walioko Uingereza, Marekani, Kanada au Falme za Kiarabu wanaweza kuchukua huko huko leseni ya kimataifa ya mkataba wa 1949. Wa Uingereza waombe kwa jina hilo hilo, kwani huko hutolewa pia za mikataba mingine. Walioko Ujerumani, Ufaransa, Ubelgiji au Uswisi wanatumia leseni ya nchi hizo pamoja na tafsiri rasmi ya Kijapani, inayotolewa na chama cha magari cha Japani, JAF. Leseni ya kimataifa hutumika kwa mwaka mmoja tangu kuingia Japani. Anayehamia kwa masomo au kazi atalazimika kubadilisha leseni yake kwenye ofisi za polisi. Tangu Oktoba 2025 masharti yamekazwa: lazima uwe na makazi yaliyosajiliwa, na mtihani wa maandishi una maswali 50.

Kama huna sifa hizi, usihuzunike. Kwa shughuli za ndani ya jiji gari ni mzigo zaidi ya msaada, na barabara za juu utazipita ndani ya basi.

Kwa mwenye leseni halali, habari njema ni kwamba Japani huendesha kushoto, kama Tanzania, Kenya na Uganda. Anayetoka Kongo, Rwanda au Burundi ndiye anayehitaji uangalifu wa ziada, hasa dakika za kwanza anapotoka kwenye maegesho. Na kwa wote: taa nyekundu ni nyekundu hata kwa anayekata kushoto. Alama ya pembetatu nyekundu iliyogeuzwa, ncha chini, maana yake simama kabisa, magurudumu yatulie. Kwenye reli pia unasimama kabisa hata kama hakuna treni.

Kadi ya ETC

Ukiwa umewahi kupanda Dar es Salaam, Mombasa au Kampala gari lililotoka Japani karibuni, huenda umesikia sauti ya mwanamke ikisema jambo kwa Kijapani kila gari linapowashwa. Mara nyingi ni kifaa cha ETC, mfumo wa kulipa tozo za barabara kwa kadi bila kusimama, kinachosema kwamba hakina kadi. Kwetu kifaa hicho hakina kazi, lakini Osaka ndicho kinachokufungulia njia.

Magari mengi ya kukodi yanacho kifaa hicho, ila kadi huombwa peke yake. Iombe unapofanya uhifadhi, si unapofika dirishani, kwa kuwa idadi yake ni ndogo. Ukipewa gari, muulize mhudumu kadi inaingia wapi, iingize mwenyewe mbele yake, washa gari, usikilize mpaka kifaa kikubali. Tozo zote zitajumlishwa na utazilipa unaporudisha gari.

Faida ya ETC si kuokoa muda peke yake. Barabara za Hanshin, yaani mtandao wa barabara za juu za Osaka na Kobe, hutoza kwa umbali, lakini umbali huo hupimwa kwa mwenye ETC. Anayelipa taslimu hulipa mlangoni anapoingia, na kwa kuwa kwenye kutokea hakuna kibanda, kwa kawaida hutozwa kiwango cha juu kabisa hata kama anakwenda mtaa wa pili. Zaidi ya hayo, baadhi ya milango sasa ni ya ETC peke yake.

Ukikaribia mlango, tazama juu. Leni ya ETC ina alama ya zambarau na leni ya taslimu ina alama ya kijani. Punguza mwendo hadi kilomita 20 kwa saa, acha nafasi na gari la mbele, na subiri kizuizi kiinuke. Kisipoinuka, simama hapo hapo, bonyeza kitufe cha mawasiliano, mtu atazungumza nawe. Ukijikuta kwenye mlango wa ETC bila kadi, fuata leni ya msaada na ubonyeze kitufe. Kamwe usirudi nyuma. Kurudi nyuma mlangoni ndiko kunakoua watu.

Njia yenyewe: kutoka kisiwani hadi mzunguko wa kati

Ukitoka kwenye maegesho unaingia daraja la kisiwa, lenye urefu wa mita 3,750, magari juu na treni chini. Ukifika nchi kavu, kwenye makutano ya Rinku, fuata nambari 4 iliyo ndani ya ngao ya kijani: hiyo ndiyo Wangan, barabara ya kando ya bahari. Usifuate majina, fuata nambari. Majina yanabadilika kila makutano, nambari haibadiliki. Mwendo wa juu hapa ni kilomita 80 kwa saa, na barabara ni pana na nyoofu. Izumiotsu kuna mahali pa kupumzikia. Ingia, nyoosha miguu, hakiki ramani kabla hujakaribia jiji.

Baadaye utaona daraja jekundu la vyuma, kubwa mno, linalopanda juu ya bandari. Hilo ni Minato, lililofunguliwa 1974, na nafasi kati ya nguzo zake kuu ni mita 510. Mara baada yake, kwenye makutano ya Tempozan, acha nambari 4 na ushike nambari 16 kuelekea katikati ya jiji.

Nambari 16 inakufikisha kwenye nambari 1, mzunguko wa kati, na hapa ndipo madereva wageni wanapotokwa na jasho. Mzunguko huo una urefu wa kama kilomita 10, una leni nyingi, na magari yote yanakwenda upande mmoja tu, kwa mwelekeo wa mshale wa saa. Barabara za kutoka pande zote za jiji zinamwagika ndani yake, nyingine kutoka kushoto, nyingine kutoka kulia. Milango ya kutokea nayo ni hivyo hivyo. Kwetu mtu amezoea kuwa leni ya kulia ni ya kupita na kutoka ni kushoto. Osaka unaweza kuambiwa utokee kulia, na anayesubiri mpaka mita za mwisho hulazimika kukata leni tatu mbele ya malori.

Dawa yake ni kupanga kinyumenyume. Kabla ya kuwasha gari, jua jina la mlango wako wa kutokea, nambari yake na upande wake. Ukishaingia kwenye mzunguko, washa indiketa mapema na uhame leni moja kwa wakati. Madereva wa Osaka wana haraka lakini ukiwaonyesha nia wanakuachia. Ukipitwa na mlango, acha upite. Zunguka tena. Kilomita 10 kwa mwendo wa 60, ambao ndio kikomo cha sehemu kubwa ya barabara hizi za ndani, si kitu ukilinganisha na ajali.

Anayekwenda Umeda ajue jambo moja zaidi. Zamani gari lililotoka nambari 16 lililazimika kuzunguka karibu mzunguko wote ndipo lifike kaskazini. Tangu Januari 2020 kuna kiunganishi kifupi kwenye makutano ya Nishi-Senba kinachokupeleka moja kwa moja upande wa Umeda. Ramani ya zamani ndani ya gari inaweza isikijue.

Ramani za magari zina kasoro nyingine hapa. Barabara za juu zimejengwa juu ya barabara za kawaida na mito, na mashine mara nyingine hudhani uko chini wakati uko juu, ikakuamuru ukate kona katikati ya hewa. Amini mabango. Ila kwa kutafuta mahali, ramani hizo ni nyepesi: ingiza nambari ya simu ya hoteli na hoteli itatokea, huna haja ya kuandika Kijapani.

Eneo hilo la Senba lina jambo linalonivutia kila mara. Chini ya barabara ya juu, kwa karibu kilomita nzima, yamepangwa majengo ya maduka ya vitambaa na nguo kwa jumla, tangu 1970. Mfanyabiashara wa nguo asiondoke Osaka bila kupita hapo kwa miguu. Na ukitoka Itami kwa nambari 11 na kushukia mlango wa Umeda, barabara inapita ndani ya jengo la ofisi, kupitia ghorofa ya 5, 6 na 7. Barabara hailigusi jengo; imeshikiliwa na nguzo zake yenyewe. Usipunguze mwendo ili upige picha, aliye nyuma yako amelizoea.

Kuhusu mafuta: pampu nyekundu ni petroli ya kawaida, ya njano ni petroli ya kiwango cha juu, na ya kijani ni dizeli. Gari hurudishwa tangi likiwa limejaa, na risiti ya mwisho hifadhi.

Ajali, tetemeko na kimbunga

Ukigusana na gari jingine, hata mchubuko tu, piga 110 uwaite polisi. Bila ripoti yao bima ya gari la kukodi haifanyi kazi, na makubaliano ya mdomo barabarani hayana thamani. Mtu akiumia piga 119. Gari likiharibika barabarani, au ukiona kitu kimeanguka njiani, piga #9910. Na watu wote wasisimame leni za magari: washa taa za dharura, pita upande wa pili wa ukingo, ndipo upige simu.

Tetemeko la ardhi hulichukulia kwa uzito mtu anayejua kilichotokea tarehe 17 Januari 1995. Upande wa Kobe, mtaa wa Fukae, mita 635 za barabara ya juu nambari 3 ziling'oka na kulala ubavu. Barabara hiyo ilijengwa upya na kufunguliwa yote 1996, na tangu hapo nguzo za mtandao mzima zimeimarishwa. Ukihisi mtikisiko ukiwa juu: usifunge breki ghafla. Punguza taratibu, sogea pembeni, simama, zima injini, washa redio. Ukiamriwa kuliacha gari, acha ufunguo ndani na milango bila kufungwa ili waokoaji waweze kulisogeza, kisha fuata ngazi za dharura.

Kimbunga ndicho kinachowezekana zaidi, hasa kati ya Agosti na Oktoba. Tarehe 4 Septemba 2018 kimbunga Jebi kilifurika uwanja wa Kansai, na meli ya mafuta iliyokatika nanga ikagonga daraja la kisiwa. Maelfu ya watu walilala uwanjani, wakaondolewa kesho yake kwa boti na mabasi. Tangu hapo kuta za kisiwa zimeinuliwa. Hata hivyo kanuni kwa msafiri ni moja: kimbunga kikitangazwa, usikimbilie kisiwani ukidhani utakuwa wa kwanza kuruka. Upepo ukizidi, treni na daraja hufungwa, nawe unabaki upande ambao chakula huisha mapema. Kaa mjini mpaka shirika la ndege lithibitishe safari.

Siku ya kurudi

Ndege nyingi za kwenda Ghuba huondoka Kansai usiku, maana yake unakwenda uwanjani wakati wa foleni ya jioni. Ukiwa na gari, lirudishe mapema alasiri. Ukipanda basi, chukua lile linalotangulia lile unalodhani linatosha.

Kwa treni ya JR ya kawaida kuna jambo la kuangalia kabla hujakaa. Treni hiyo huwa ni mbili zilizoungana, na zikifika kituo cha Hineno hutenganishwa: mabehewa ya 1 hadi 4 yanaendelea uwanjani, ya 5 hadi 8 yanakwenda Wakayama. Abiria aliyesinzia behewa la 6 huamkia mji mwingine. Panda behewa la mbele, soma bango lililo juu ya mlango, na ukiwa umekosea unaweza kuhama ukiwa bado hujafika Hineno.

Safari za kimataifa za jengo la kwanza huondokea ghorofa ya nne. Peach, shirika la nauli nafuu, hutumia jengo la pili, na kati ya majengo hayo kuna basi la bure linaloondokea Aeroplaza. Ongeza dakika 20 kwa ajili yake.